Kufunga adapta za rimu nyumbani: Forester 5x100, rimu 5x114.3. Naomba ushauri wenu

Mnyakato_SH

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Nina Forester ya 2010, ile bodi ya SH, gari iko vizuri haina kelele wala nini. Kuna jamaa yangu aliuza X-Trail yake akairudishia rimu za kiwandani, zile spoti rimu alizokuwa kafunga akabaki nazo seti nzima, kaniachia kwa bei ya kishkaji. Nyuma zimechapwa 17x7JJ, ET45 (yani mm 45 kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye gari), 5x114.3. Forester yangu ni 5x100, hilo nalijua, ndo maana naulizia adapta.

Mpaka sasa nimepewa njia tatu. Fundi mmoja hapa mtaani anasema haina haja ya adapta, anatoboa matundu mapya kwenye rimu siku hiyo hiyo. Wa pili anamjua mtu wa leth anikerezee sahani za chuma kisha wachomelee bolti. Wa tatu ana adapta za aluminiamu za milimita 20, zile za kufunga kwa nati zake kisha rimu inakaa kwenye studi (bolti zilizopachikwa) za adapta, ila zimeshatumika na hana boksi lake.

Naomba kujua ipi ni salama, je kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani, nina jeki ya troli, stendi mbili na seti ya spana, toki renchi (spana ya kupimia mkazo) sina. Na ABS haitasumbua? Beringi je? Mwisho wa mwaka huwa tunashuka Dar na familia kwa gari hii kwa hiyo sitaki kitu cha kubahatisha.

fundi_Salasala

Mkuu karibu. Nimefanya kazi za miguu ya gari miaka mingi naomba nikujibu kwa urefu maana hili jambo watu wanalichukulia poa sana.

Kutoboa rimu futa kabisa kichwani. Piga hesabu kidogo tu. 5x100 maana yake studi zako zimekaa kwenye duara la kipenyo cha mm 100, na rimu yako matundu yako kwenye duara la 114.3. Toa, gawa kwa mbili, unapata mm 7.15. Yani tundu jipya lingetakiwa likae mm 7 tu kutoka katikati ya tundu la zamani, na tundu lenyewe lina upana zaidi ya hapo, yanaingiliana yanakuwa tundu moja refu. Kwa hiyo huyo fundi atalazimika kuzungusha rimu atoboe katikati ya tundu na tundu, pale kwenye nyama ambayo imebeba mzigo wote wa gari, na mara nyingi huko nyuma pana mashimo ya kupunguza uzito. Unabaki na rimu ya matundu kumi na nyama nyembamba kama kaki. Hapana.

Sahani ya chuma ya leth na bolti za kuchomelea nayo hapana. Tatizo sio leth, mkereza mzuri anaweza kukuchongea kitu kimenyooka kabisa. Tatizo ni kuchomelea bolti. Bolti ya tairi imepikwa kwa joto maalum ipate ugumu wake, ukishaipiga welding pale shingoni umeua ule ugumu, na shingoni ndo panapokatika.

Inabaki adapta ya aluminiamu. Hiyo inafanya kazi na watu wanatembelea, ila kuna adapta na adapta. Kabla hujatoa hela ichukue mkononi uangalie haya. Kwanza upande unaokaa kwenye gari katikati pana tundu, hilo tundu kwa Forester yako liwe mm 56.1, likae kwenye ile shingo ya habu (kitovu tairi linapofungwa) bila kucheza. Kisha upande wa nje adapta iwe na shingo yake yenyewe imetokeza, rimu ndo ikae hapo. Kama upande wa nje ni bapa tu hauna shingo, mrudishie mwenyewe. Shingo ndo inaiweka rimu katikati sawasawa, nati kazi yake ni kubana. Rimu ikikosa shingo unaziachia nati kazi ya kutafuta katikati, na utaisikia kwenye usukani ukifika spidi 80 hadi 110, inatetemeka, utapeleka balansi mara tatu na haitapona kwa sababu balansi haina kosa.

Na hizo rimu zako sio za kiwandani, nyingi za aina hiyo tundu la katikati ni 73.1 ili zikae kwenye gari yoyote, kisha unaweka ringi za kujaza nafasi. Pima kwa vernia. Ukikuta ni 73.1 na shingo ya adapta ni ndogo kuliko hapo tafuta ringi za saizi hiyo.

Kwa kuwa hana boksi nisingechukua bila kujua kama ni aluminiamu ya kufua au ya kumimina kwenye kalibu. Nzuri huwa zimechapwa 6061-T6 au 7075-T6 pembeni. Ya kumimina huonekana na vitundu vidogo vidogo kama mkate ukiangalia sehemu ambayo haijakerezwa. Na angalia kila tundu la studi kwa mwanga, ukiona mstari mwembamba unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni huo ni ufa, hata kama ni mfupi kama kope usiichukue.

Maswali mengine: ABS haihusiki, sensa inasoma kwenye habu na wewe hujaigusa. Spidomita pia haibadiliki kama saizi ya tairi ni ile ile. Beringi ndiyo inaumia zaidi ya kawaida, nitaeleza chini nikirudi, nina gari kwenye jeki hapa.

Kambarage_Road

Mkuu mi nakushauri kama ndugu, achana na hayo madude kabisa. Nimeona kwa macho yangu tairi linamtangulia mwenye gari, Noah ilikuwa imebeba watu, Mungu alisaidia ilikuwa imepunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Ilikuwa na spesa. Gari inauzwa na rimu zake, waliotengeneza sio wajinga.

dada_spana

Pole kwa uliyoyaona kaka, hakuna anayebisha kwamba tairi zinachomoka. Ila tofautisha spesa ya aina gani. Nina hakika kubwa kwamba hiyo ya kwenye Noah ilikuwa zile sahani za kupachika, zile unaweka tu katikati ya diski na rimu na kutumia studi zile zile za gari. Ndo zinazoua watu huku kwetu, kwa sababu ukiweka sahani ya mm 10 umekula mm 10 za nyuzi za studi na hujaongeza kitu.

Kanuni ninayotumia kazini ni rahisi, nati ishike nyuzi urefu usiopungua unene wa studi yenyewe. Studi ya Subaru ni M12 nyuzi 1.25, yani unene mm 12 na kila mzunguko wa nati ni mm 1.25, kwa hiyo unahitaji mm 12 za nyuzi, ambayo ni kama mizunguko 9 na nusu ya nati. Toyota na Honda nyingi ni M12 nyuzi 1.5, mizunguko 8. Unahesabu kwa mkono, nati ikianza kushika hesabu mpaka ikae. Mtu kaweka sahani anahesabu mizunguko minne anasema imebana vizuri! Imebana ndiyo, lakini mzigo wote umekaa kwenye nyuzi nne, na ukipita mashimo kila siku zile nyuzi zinalegea taratibu. Anayetaka sahani nyembamba ya mm 5 akagonge studi za kiwandani atoe, aweke studi ndefu.

Adapta anayotaka Mnyakato ni kitu kingine, ina studi zake yenyewe na inafungwa kwenye habu na nati zake. Hiyo nyuzi zote zipo kamili.

Halafu Mnyakato, hakikisha nati za ndani, zile zinazobana adapta kwenye habu, ni M12x1.25. Adapta nyingi za sokoni studi zake za nje ni 1.5. Usichanganye. Nati ya 1.5 kwenye studi ya 1.25 inaingia mizunguko miwili vizuri tu kisha inakaza, mtu anadhani ni kutu anaongeza bomba anavuta, kumbe anaziua nyuzi.

Kambarage_Road

Dada nimekuelewa, hiyo ya mizunguko sikuwahi kuisikia kwa fundi yeyote. Bado mimi binafsi siweki lakini asante kwa maelezo.

fundi_Salasala

Nimerudi. Dada Spana kasema kitu kikubwa sana hapo juu, Mnyakato rudia kukisoma.

Sasa kuhusu kuhama kwa tairi. Rimu ya kiwandani ya Forester SH ni ET48. Yako ni ET45, ukiongeza adapta ya mm 20 inakuwa kama ET25. Upana wa rimu ni ule ule nchi 7, kwa hiyo tairi lote linatoka nje mm 23 kila upande, gari inapanuka jumla mm 46. Kwa macho inapendeza ndiyo, gari inakaa chini kifua mbele. Ila mzigo umesogea nje ya beringi, ndo maana nilisema beringi inaumia. Sio kwamba itakufa wiki ijayo, ni kwamba ile ambayo ingekaa muda mrefu itakaa pungufu, hasa ukiwa mtu wa kubeba familia na mabegi kwenye barabara ya matuta. Usukani nao utakuwa unavuta kidogo ukikanyaga breki tairi moja likiwa kwenye mchanga. Na tope zote zitapaka mlango.

Kabla hujanunua chochote fanya hivi. Paki mahali pamenyooka, chukua uzi ufunge nati kwa chini uwe timazi, ushushe kutoka ukingo wa madigadi juu ya tairi. Pima kutoka kwenye uzi mpaka ubavu wa tairi la sasa, mbele na nyuma. Kama nafasi ni chini ya hizo mm 23 tairi litatokeza nje ya madigadi, na ukipakia watu nyuma madigadi inashuka inakaa juu ya tairi, inalikata. Nyuma pima ukiwa umepakia watu, sio gari tupu.

Kingine, pima studi zako zimetokeza mm ngapi kutoka kwenye uso wa diski. Zikiwa zaidi ya unene wa adapta zitatokeza upande wa pili ziisukume rimu, rimu haitakaa bapa hata ukikaza mpaka jasho likutoke. Rimu nyingine nyuma zina vishimo kati ya tundu na tundu vya kumeza hizo ncha, nyingine hazina.

Ufungaji wenyewe ukiwa na vifaa sahihi hata nyumbani unafanyika. Legeza nati gari ikiwa chini, inua, weka stendi, usiingie na jeki tupu, tairi za upande mwingine weka tofali. Ukitoa tairi angalia uso wa habu na diski. Pale ndo kazi ilipo. Kutu ya ganda inakaa kuzunguka ile shingo kama ukoko wa ubwabwa, ukiweka adapta juu yake inakaa imeinama kidogo, leo imebana kesho ukoko umesagika nati zimelegea. Brashi ya waya, kisha msasa, mpaka uone chuma. Kuna gari zina vijiringi vyembamba vya bati kwenye studi, vya kushikia diski kiwandani, navyo toa. Ukimaliza weka adapta kwa mkono bila nati, isukume, ijaribu kuitikisa. Ikicheza hata kidogo usiendelee. Shingoni pale paka grisi nyembamba sana maana aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na maji vinashikana, siku ya kutoa utapiga nyundo. Kwenye nyuzi za studi usipake kitu, hakuna grisi hakuna oili, ukipaka spana itakuambia imefika kumbe umeshaivuta studi kupita kiasi.

Tumia nati fupi zilizokuja na adapta kwa ndani, nati zako za kawaida ni ndefu zitatokeza. Kaza kwa mtindo wa nyota, ruka moja, usikaze zilizofuatana. Kwa tairi za mbele mtu akukanyagie breki wakati unakaza, vinginevyo habu inazunguka tu. Kisha rimu, kisha shusha, kaza nati za nje gari ikiwa chini.

Mkazo, kitabu cha gari ndo bwana mkubwa, ila gari ndogo za Kijapani zenye studi za M12 nyingi zinaangukia kati ya Nm 90 na 120. Azima toki renchi, au lipia fundi aliyenayo afanye hilo peke yake.

Na ukitembea kilomita 50 hadi 100 unarudia. Zote. Maana yake unatoa rimu tena ili ufikie nati za ndani. Hili wengi hawalifanyi kwa sababu ni usumbufu, wanakaza za nje tu zinazoonekana. Za ndani ndo zinabeba kila kitu na hakuna anayeziona.

Mkereza_Tanga

Nimekubaliana na fundi kuhusu kuchomelea, sisi wenye leth tunaletewa hizo kazi tunazikataa. Ila ringi za katikati tunazichonga, za aluminiamu, leta rimu na vipimo vya habu. Za plastiki zipo na zinafanya kazi pia maana hazibebi mzigo, zinaelekeza tu, ila ukishuka mlima mrefu kama Kitonga breki zikachemka nimeletewa nyingine zimelainika zimeshika kwenye shingo.

Kwa asiye na toki renchi kabisa kuna namna ya kuhakiki. Spana ilale sawasawa usawa wa ardhi, pima sentimita 40 kutoka katikati ya nati, hapo ning'iniza mfuko wa sembe wa kilo 25. Uning'inie taratibu usiuruke wala kuusukuma. Hiyo ni kama Nm 98. Spana isiteleze. Sio mbadala wa kifaa lakini ni bora mara mia kuliko bomba la mita moja na mtu wa kilo 80 kasimama juu yake, hapo ni karibu Nm 800, studi inavutika kama mpira na hutaona kwa macho.

Prado_wa_Rongai

Salamu kutoka Nairobi wandugu. Niongeze kitu kimoja kuhusu shepu ya nati, kwa sababu hapa Kirinyaga Road utauziwa nati yoyote bora inaingia. Mimi nina Prado 120, 6x139.7. Rimu za Toyota za aluminiamu kwa hii gari zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, inakaa flati kwenye rimu. Lakini matundu ya ndani ya adapta yangu yamechongwa koni, yanataka nati ya koni. Sasa kuna mechanic alitaka kutumia zile za washa kwa ndani. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo mdogo tu kuzunguka, inaonekana imekaza na baada ya siku mbili imelegea. RAV4 nyingi pia ni hivyo, na Honda wao wana nati ya mviringo kama mpira, hiyo ni shepu ingine kabisa. Kwa hivyo ndani ni nati ya kufuata adapta, nje ni nati ya kufuata rimu, usiangalie tu nyuzi.

Subaru afadhali, yao ni koni kawaida.

LC79_Arusha

Nimependa huu uzi, natamani na sisi wa magari ya kazi tusikilizwe. Land Cruiser za 70 kuanzia 2007 Toyota walipanua mbele ili ile V8 ya dizeli ienee, ekseli ya nyuma wakaiacha kama ilivyokuwa. Mbele ni pana kuliko nyuma karibu sentimita 10 kwa jumla. Kwenye lami huwezi kujali. Ingia udongo mweusi wakati wa masika, tairi za mbele zinachimba njia yao na za nyuma zinachimba njia nyingine, gari inasukuma tope mara mbili. Kwenye mchanga ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sisi wengi tunafunga adapta nyuma tu, 5x150, studi za M14, nyuma ifuate mbele. Kwetu hapa sio urembo.

Sehemu nyingi za Australia sheria haziruhusu spesa, wenzetu wenye gari hizi hizi wananunua ekseli pana ya nyuma nzima. Ni ghali mno kwa huku lakini kiufundi ndiyo dawa, kwa sababu mzigo unabaki juu ya beringi.

Mimi dereva wangu ana ratiba, kila servisi rimu za nyuma zinatoka, adapta inakaguliwa ufa, nati za ndani zinapimwa kwa toki renchi, tunaweka alama ya rangi nyeupe kutoka kwenye nati kwenda kwenye adapta. Mstari ukikatika ujue nati imesogea. Alama ya rangi haigharimu kitu Mnyakato, hata wewe weka.

Mswahili_Hamburg

Huku Ujerumani spesa zinaruhusiwa ila ziwe na cheti cha mtengenezaji, na nyingi lazima upeleke gari TÜV (shirika la ukaguzi wa magari) wakague na waandike kwenye makaratasi. Wanapandisha tairi moja juu ya kizuizi ili shokapu ibane kabisa, kisha wanazungusha usukani mwisho kulia na kushoto wanaangalia kama tairi linagusa. Hicho kipimo hata nyumbani unaweza, panda ukingo wa baraza kwa tairi moja la mbele na jingine la nyuma upande wa pili, angalia kwa tochi.

Kwa wenye BMW na VW mkumbuke hakuna studi, ni bolti zinaingia kwenye habu. E90 yangu ni M12x1.5, nimeweka spesa za mm 10 zenye shingo ya 72.6, kwa hiyo bolti zikawa ndefu mm 10 kuliko za zamani, mkazo 120. Bolti ikiwa fupi haishiki, ikizidi urefu inatokeza nyuma ya habu inagonga vitu vya breki.

Mnyakato_SH

Wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata darasa hili. Nimeshinda nalo leo.

Majibu ya vipimo. Studi zimetokeza mm 24 kutoka kwenye diski, adapta za jamaa ni 20, kwa hiyo 4 zinatokeza. Rimu nyuma ina vishimo lakini nilipaka chaki ncha za studi nikasimamisha adapta na rimu bila kukaza, nilipotoa nikakuta alama mbili za chaki kwenye uso wa rimu, sio ndani ya kishimo. Tundu la katikati la rimu ni 73.1 kama fundi alivyosema, na shingo ya adapta kwa nje ni 56.1, ringi hamna. Ufa sijauona lakini pia hakuna maandishi yoyote ya aina ya aluminiamu.

Timazi, mbele nimepata mm 24. Nyuma gari tupu 21, nikawaita wadogo zangu watatu wakakaa nyuma ikawa 15.

Nikate ncha za studi? Au nitafute za mm 25?

fundi_Salasala

Usikate. Ukikata mm 4 zile ni nyuzi ambazo utazihitaji siku ukirudisha rimu zako za zamani. Za mm 25 zinameza studi vizuri, ila rimu inakuwa ET20, inatoka mm 28 na wewe nyuma una 15 ukiwa na watu. Tairi litakuwa nje ya madigadi zaidi ya sentimita moja na unasafiri na familia mpaka Dar. Hata hizo za 20 tu, mm 23 na nafasi ni 15.

Kwa vipimo hivi mimi kama fundi wako nisingekufungia. Uza hizo rimu kwa mtu wa Nissan au Toyota yenye 5x114.3, ongezea kidogo utafute 5x100 yenye ET karibu na 48. Forester nyingi mpaka bodi ya SJ iliyofuata SH yako ni 5x100, zipo nyingi pale Gerezani, Dar, zikitoka Japani. SK ndo wamehamia 114.3, kwa hiyo muulize muuzaji zimetoka kwenye bodi gani.

dada_spana

Naunga mkono. Na Mnyakato umefanya kitu wachache wanafanya, umepima kwanza ukiwa bado na hela mfukoni.

Mnyakato_SH

Sawa wakuu, nimewasikia. Adapta sichukui, rimu naziweka sokoni. Aliye Mwanza, Geita, Shinyanga mwenye gari ya 5x114.3 anicheki inbox, hazijawahi kuchomelewa wala kunyooshwa.

T31_Kahama

Nipo mkuu, nina X-Trail T31. Habu yangu ni 66.1, wewe rimu ni 73.1, ringi zake ziko wapi? Maana kama zilikuwa kwenye X-Trail lazima zilikuwepo.

Mnyakato_SH

Hazipo kwenye rimu, ndo naona sasa hivi. Ngoja nimpigie jamaa.

Mkereza_Tanga

Mwambie amuulize aliyenunua X-Trail aangalie kwenye habu, ringi hubaki zimeng'ang'ania pale tairi likitolewa, na kama amerudishiwa rimu za kiwandani juu yake hazitakaa bapa. Wazicheki haraka kabla hajasafiri nalo. Zikiwa zimepotea nitumieni vipimo, 73.1 nje, 66.1 ndani, na kina cha shingo.

Mnyakato_SH

Nimempigia. Walishazitoa siku ile ya kurudisha rimu, ziko nne kwenye droo yake, za aluminiamu. Kesho nazifuata, T31_Kahama njoo Jumamosi na vernia yako.